Kijiti Ndani ya Mkebe wa Majivu

Jumatatu, 3 Machi
Mwezi wa tatu mvua hakuna. Ushirika umetufungia mabomba yenye akili. Kila shamba limechomekewa kijiti cha kupima unyevu: udongo ukikauka, bomba linajifungua, ukilowa, linajifunga. Fundi wa ushirika akasema hakuna atakayependelewa. Hilo limeniudhi. Maharage yangu ndiyo chakula chetu cha msimu mzima. Tena shemeji, mdogo wake mke wangu, analima bondeni, chini ya shamba langu, na yake yamestawi zaidi. Haiwezekani!

Jumanne, 4 Machi
Akili si za mabomba peke yake. Nimeking'oa kijiti, nikakizika kwenye mkebe wa majivu makavu, nikaufunika turubai. Punde tu, maji hayo! Mke wangu akauliza, baba watoto, mbona kwetu hayakatiki? Nikamwambia udongo wetu una kiu ya kuzaliwa nayo. Akanitazama, akaenda zake.

Alhamisi, 6 Machi
Bado yanatoka. Bomba halina koki, linasikiliza kijiti tu. Kukirudisha ni kujianika, maana shemeji yuko shambani kutwa. Mchana tuta likabomoka, maji yakamwagikia kwake. Akaja mbio kunishukuru. Kunishukuru! Nilikosa raha siku nzima.

Jumamosi, 8 Machi
Maharage ni manjano, mizizi imeoza. Fundi amekuja na simu yake. Akasema mtambo unaonyesha hili ndilo shamba kavu kuliko yote, huku buti lake moja limebaki kwenye tope. Akaufuata waya wa kijiti hadi kwenye mkebe. Mke wangu alikuwepo. Hakunigombeza. Alichuma majani machache yaliyopona, akayafunga kwenye kanga. Iliniuma kuliko matusi. Shemeji akasema tusijali, atatulisha yeye hadi tuvune tena.

Jumapili, 9 Machi
Ushirika umenipa mbegu nyingine, kwa sharti nisikiguse tena kijiti changu. Nimeapa mbele ya mke wangu, na kiapo nakiheshimu. Changu sitakigusa.

Cha shemeji hakikutajwa. Nimepiga hesabu: kijiti chake kikitumbukizwa kwenye ndoo ya maji, bomba lake linajifunga, na maji yote yanabaki kwangu. Sijui kwa nini sikuwaza hivi mapema!

Ndoo nimeshaipata. Shemeji kaniazima, ikiwa na maharage yetu ya wiki hii.