Visanduku vya Chifu Seumalama

Jumatatu, 7 Oktoba

Hili sijamwambia mtu: ninaogopa sauti yangu mwenyewe. Ikitoka, hutoka kama ya kifaranga aliyekanyagwa. Ndiyo maana napenda simu. Humo nina hazina: nyota, maua, mataji, herufi zenye mikia na vilemba. Humo mimi ni malkia!

Leo mke wa mchungaji alitafuta kijana wa kuandika mwaliko wa karamu ya Jumapili Nyeupe, sikukuu yetu sisi watoto, utumwe kwenye kundi la simu la kijiji. Ropeti, mpwa wa mchungaji, akanyoosha mkono. Nami nikanyoosha. Nusu. Ropeti akacheka: "Wewe, Lupesina? Hata amina yako haisikiki!"

Nimepewa mimi, kwa kuwa babu yangu ndiye msemaji wa kijiji. Nitaandika mwaliko wa kumtoa Ropeti macho.

Jumanne, 8 Oktoba

Babu amenitajia majina ya machifu kwa mpangilio, juu hadi chini, akigonga mkeka kwa kidole. Hiyo ndiyo kazi yake: kusimama uwanjani na fimbo yake na kumtaja kila mkubwa kwa vyeo vyake. Kuruka jina ni kumpiga mtu kofi mbele ya wanawe. Aliniuliza na kuniuliza tena kama nimeandika yote.

Nimeandika! Wengine nimewapa herufi za kawaida. Seumalama, aliye juu ya wote, nimempa herufi nene za nakshi, na taji kila upande. Nikatuma. Nikajitazama kwenye kioo. Nikajipenda.

Jumatano, 9 Oktoba

Kwenye kundi hakuna hata kidole gumba cha kunisifu. Kisha: Chifu Seumalama ametoka kwenye kundi.

Nikaizima simu, nikaiwasha tena. Bado ametoka.

Ropeti aliniita nyuma ya darasa, akanionyesha simu ya bibi yake, kuukuu kama ya Chifu. Machifu wote wapo. Wa kwanza hayupo. Mahali pake: □□□□□□□□□□□. Simu za zamani hazizijui herufi zangu!

"Umemzika," akasema Ropeti. "Kila herufi na jeneza lake."

Nikamwomba asimwambie mtu. Akasema amwambie nani, kijiji kizima kina macho.

Alhamisi, 10 Oktoba

Baraza litakaa baada ya sikukuu. Wanasema tutatozwa nguruwe wetu wote, na Babu atanyang'anywa fimbo. Fimbo ya Babu! Chifu eti amesema tangu apewe jina lile hajawahi kuitwa sanduku.

Babu hana simu. Anadhani nililisahau jina. Ameketi anarudia majina kwa sauti ndogo, kama anayetafuta ni wapi alikosea yeye. Nilitaka kumwambia. Nikaenda kuwalisha nguruwe.

Mpango: kesho nampelekea Chifu birika la kakao, namweleza mwenyewe.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nyumba ya Chifu, kama zetu, ni nguzo na paa bila kuta, kwa hiyo aliniona tangu barabarani. Nilitembea kama mtu anayepelekwa kunyongwa. Nikaketi chini kwa adabu. Nikafungua mdomo. Ikatoka hewa. Nikaacha birika, nikakimbia.

Ropeti ameniletea habari: watu wanasema kwanza nilimtukana Chifu, sasa nimemhonga. Na kakao yenyewe haikuwa na sukari.

Jumamosi, 12 Oktoba

Alfajiri Babu aliniamsha. Alikuwa amebeba mkeka laini wa marehemu bibi, ule wa heshima. Tukaenda tukaketi chini mbele ya nyumba ya Chifu, Babu akatufunika nao kichwani. Ndivyo aliyekosa anavyoomba radhi: unakaa humo mpaka mwenye hasira aje akufunue. Au asije. Zamani, akaninong'oneza, wengine walikuja na shoka.

Babu! Ndiyo saa ya kuniambia hayo?

Jua likapanda. Nikasikia nyayo. Chini ya ukingo wa mkeka nikaona miguu miwili mikubwa. Nikaanza kulia. Babu akanionya nisiulowanishe mkeka wa bibi.

Mkeka ukafunuliwa. Babu akamtaja Chifu kwa vyeo vyake vyote, hakuruka hata kimoja, lakini sauti ilimtetemeka. Ya Babu! Ndipo yangu ikanitoka, ya kifaranga vilevile: kwamba kosa si la Babu, ni langu, kwamba jina nililipamba mpaka simu yake ikashindwa kulibeba. Nikamwonyesha kwenye simu yangu.

Alilitazama muda mrefu. Nilidhani shoka linakuja. Akauliza mbona mataji ni madogo hivi.

Kisha akacheka, akamrudishia Babu mkeka. Fimbo imebaki nyumbani, na nguruwe pia! Sharti moja: shukrani za karamu niandike mimi, kwa herufi za watu. Nimeapa mbele ya Babu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Karamu ilipita salama. Chifu alikula sahani tatu na kurudi kwenye kundi.

Leo nimeandika shukrani. Seumalama, kwa herufi za kawaida kabisa. Nikalitazama. Liko uchi, maskini, kama mtu aliyekwenda kanisani bila shati. Nikaliwekea taji moja. Likaelemea upande. Nikaweka la pili. Na kwa kuwa mwenyewe alisema yale yalikuwa madogo, nikatafuta makubwa zaidi.

Nikatuma. Kisha nikautoa mkeka wa bibi, nikaukung'uta, nikauanika juani.