Theluji Yangu Ilikuwa ya Sukari

Leo nimepatikana. Nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu sijavua, na ninaandika hapa kwa sababu nisipoandika nitagombana na mtu asiye na kosa.

Nianze mwanzo ili mnihukumu vizuri.

Mnajua nilikuwa nauza kwenye duka la vitambaa mjini. Nilipojifungua, bosi alinipa hongera, akanipa na pakiti ya nepi, kisha akampa mtu mwingine kazi yangu. Imani sasa ana miezi tisa, na tangu hapo ninatafuta kitu kimoja tu: kazi ninayoweza kuifanya nikiwa nimekaa hapa Kiseke, mtoto anatambaa miguuni kwangu. Utajiri siutaki. Nataka kazi isiyoniuliza mtoto nimemwacha na nani.

Kudarizi najua. Nimefundishwa na mama mkwe, na kule kwao Kisesa ni shida kumpata bibi harusi aliyelalia shuka ambalo mama huyo hakulidarizi. Kwa hiyo nikaweka picha za vitambaa vyangu mtandaoni, na mama mmoja mwenye hoteli kando ya ziwa akaniandikia. Jina simtaji. Tumwite Madam, maana pale hotelini nadhani hata kuku wa jikoni wanamwita hivyo.

Madam alitaka mapambo ya ukutani kwa ajili ya mgahawa wake, ya Desemba. Maua hataki. Tausi hataki. Anataka, kwa maneno yake mwenyewe, "majira ya baridi yenye joto la nyumbani." Tena kitambaa kibaki kimekazwa ndani ya ile fremu ya mbao ya duara ya kudarizia, kitundikwe hivyo hivyo. Akanitumia picha: kijumba cha mbao, theluji imejaa juu ya paa na uwanjani, miti iliyochongoka, dirisha lina mwanga wa njano, bomba la paani linatoa moshi. Nitengeneze moja kwanza. Akiipenda, mgahawa wote ni wangu, na baadaye vyumba.

Majira ya baridi. Mwanza! Mji ambao mtu akisema anasikia baridi anapelekwa kupimwa malaria.

Nikakubali. Ungekataa wewe?

Tatizo ni kwamba theluji mimi naijua kwa jiografia ya kidato cha pili, na mwalimu mwenyewe alikuwa hajaiona. Nikaenda kwa jirani anayeuza samaki wa barafu, nikafungua jokofu lake, nikasimama kuangalia ule weupe ulivyowagandia sangara kichwani. Nilisimama sana, maana jirani aliniuliza kama nanunua au nimekuja kupunga upepo.

Wiki tatu nimedarizi. Imani akilala, nashona. Akiamka, nashona na mguu mmoja unamsukuma mbali na sindano. Moshi nimeupiga kwa mshono wa mnyororo, dirisha nimelijaza uzi wa njano mpaka linawaka. Mama mkwe alipokuja kumwona mjukuu wake aliishika ile fremu, akaitazama kwa muda mrefu, halafu akauliza mbona nyumba inaungua na wenyewe hawatoki nje. Nikamweleza kuwa ule moshi ni wa kuota moto, ni wa raha. Akasema sawa, kama wenyewe wameridhika.

Sasa theluji. Nikiishona kwa uzi inalala bapa, inaonekana kama kitambaa kimechubuka. Nikaamua kuifuma kwa uzi mweupe, kama tunavyofuma vile vitambaa vya juu ya kabati, ili nipate vishada vya kuning'inia pembeni mwa paa na vilima vya kuweka uwanjani. Vikatoka vizuri, lakini vililegea kama masikio ya mbuzi. Basi nikakumbuka vitambaa vya kabatini vinavyosimama wima kama taji. Siri yake wote mnaijua: unachemsha maji ya sukari mazito, unatumbukiza, unakausha.

Mama mkwe akanionya. Alisema sukari ni ya kitambaa kinachokaa juu ya kabati, na kabati lenyewe miguu yake imo kwenye vikopo vya maji. Kitu cha kutembea nacho nikipige wanga wa muhogo tu. Nikamjibu (sikilizeni jeuri ya mtu mwenye cheti cha kidato cha nne), "Mama, hii ni sanaa, siyo kabati."

Akamchukua mjukuu wake, wakatoka nje. Mama mkwe wangu asipobishana, ilitakiwa nijue.

Theluji ikasimama! Ngumu, inang'aa, nzuri mpaka mwenyewe nikasikia baridi. Dalili mbaya ilikuwa moja tu: nilimkuta Imani anairamba. Nikadhani mwanangu anapenda sanaa.

Tufike leo.

Miadi ilikuwa saa nne asubuhi. Saa nne kasoro nimeshuka kwenye bajaji, mtoto mgongoni, fremu ndani ya mfuko wa karatasi. Dada wa mapokezi akaniambia Madam yupo kwenye kikao, nikae nisubiri. Nikakaa. Mfuko nikauweka chini, pembeni ya mtungi mkubwa wenye ua, ili mikono yote iwe ya mtoto.

Saa nzima ikapita. Nikanyonyesha. Mgeni mmoja akapita akaniagiza juisi ya nanasi, akidhani mimi ni mhudumu. Saa ya pili nayo ikapita. Nikanyonyesha tena. Huko ndani kwenye kikao nasikia vicheko na vijiko. Hasira ilikuwa imeshaanza kunipanda, lakini mwenye shida hanuni, hasa mapokezi.

Saa sita nikaitwa.

Jamani, ile ofisi ina kiyoyozi! Imani alipiga chafya tatu mfululizo. Nikajiuliza huyu mama majira ya baridi ya kutundika ukutani anayatakia nini wakati anayo tayari. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, mwanangu, karibu. Akili yangu yote ilikuwa usoni mwake. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa fremu, nikampa bila mimi mwenyewe kuiangalia. (Andikeni hapo kwamba kosa la kwanza ni hilo.)

Madam akaipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole kwenye paa. Akatabasamu kidogo, kisha sana.

"Mama Imani," akasema, "hii sasa ni kazi."

Moyo wangu ukaenda Nyegezi na kurudi. Nikajiona nimekaa nyumbani kwangu, fremu ishirini ziko kwenye meza, hakuna wa kuniuliza mtoto yuko wapi.

Halafu Madam akavaa miwani, akaivuta fremu karibu.

"Na hawa ni nani?"

Nikainama kuangalia. Kwenye theluji yangu nyeupe, kuanzia ukingo wa chini wa fremu, ulikuwepo mstari wa vidoa vyeusi, umepinda vizuri kama njia, unaelekea mlangoni. Mimi sikushona kidoa hata kimoja.

Nataka niseme ukweli hapa, maana kule sikuusema. Nilijua. Nilijua palepale. Ila vilikuwa vimetulia tuli. Baridi ya kiyoyozi ilikuwa imewapiga, na kule kutulia kwao kukanipa tumaini la kijinga. Mdomo ukatangulia.

"Ni wanakijiji, Madam. Wanarudi nyumbani."

Madam akafurahi kama mtoto. Akauliza wanatoka wapi. Nikasema kanisani. (Mimi, niliyesoma madrasa mpaka nikahitimu.) Akauliza huyu wa mbele ni nani. Nikasema ni baba mwenye nyumba. Akaniuliza nimewezaje kumshona mdogo kiasi kile, nikamwambia ni vifundo, unapasua uzi mmoja katikati, ni kazi ya macho. Yaani nilikuwa nafundisha kabisa.

"Ana mpaka miguu," akasema Madam.

"Ndiyo, Madam. Nimeweka na miguu."

Akamwita dada wa mapokezi aje aone ufundi. Dada akaja. Na kwa vile humo ndani taa ilikuwa hafifu, Madam akanyanyuka na fremu akaipeleka dirishani, penye jua la saa sita linaloingia moja kwa moja kutoka ziwani.

Sikuweza kumzuia. Ningemzuia kwa sababu gani?

Dakika haikuisha. Baba mwenye nyumba akajitikisa. Akaupita mlango wake mwenyewe bila kuingia, akapanda ukuta, akafika kwenye paa, akaanza kula theluji. Nyuma yake kanisa zima likainuka.

"Madam," dada wa mapokezi akasema taratibu, "wanatembea."

Wakatoka na wengine nyuma ya kitambaa, ambao hata sikuwa nimewatungia habari. Wakahamia kwenye kidole cha Madam, wakaenda mkononi, wakaingia chini ya bangili. Madam akaitupa fremu mezani, akaanza kujipangusa na kuruka mguu huu na ule, mama mzima wa hoteli. Na Imani mgongoni kwangu, ambaye asubuhi nzima alikuwa amenuna, akacheka kwa sauti mpaka akashikwa na kwikwi.

Hapo hasira ya zile saa mbili ikanitoka yote. "Ni wa kwenu!" nikasema. "Sisimizi ni wa kwenu! Wametoka kwenye mtungi wenu wa maua pale mapokezi!"

Ilikuwa kweli. Ila fikirini wenyewe, sentensi iliyotangulia nilisema wanatoka kanisani.

Dada wa mapokezi akajibu kwamba hoteli yao haina sisimizi. Mmoja alikuwa anatembea kwenye kola yake.

Madam akakaa. Akampuliza wa mwisho, akavua miwani, akaniangalia bila hasira. Angenitukana ningepona.

"Sisimizi siyo neno, mwanangu. Hata kwangu nyumbani wapo. Ungesema tu Madam hao ni sisimizi, tungewapuliza tukaendelea na mazungumzo. Lakini umenitazama machoni ukanipa kijiji kizima. Sasa nikikupa mgahawa wote, siku kazi ikichelewa utaniambia nini?"

Imani alijibu kwa kwikwi.

Fremu yangu nimerudishiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili, umeshikwa kwa ncha za vidole. Kazi sikupewa.

Nimekuja njia nzima nikitafuta wa kumkasirikia. Nimemkasirikia yule bosi wa zamani wa nepi. Nimeukasirikia mtungi wa maua. Nimekasirikia kikao chenye vijiko, maana ningeingia saa nne sisimizi wasingepata muda wa kunifahamu. Nimefika nyumbani, mama mkwe yupo mlangoni ananiuliza imekuwaje. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema Madam amesafiri. Nikamwambia, "Sisimizi, mama." Akageukia ukutani, kasimama hivyo mpaka sasa, mabega yanamtikisika.

Wa nyumbani akicheka inatosha. Ninyi wengine nawaomba mjizuie. Kazi bado natafuta, ya kufanyia nyumbani. Kudarizi nadarizi vizuri, hilo hata Madam hakulikataa, na kuanzia leo nikiulizwa hiki ni nini nitakitaja kama kilivyo, hata kikiwa na miguu sita.