Kamati ya Kusubiri Simu Imevunjwa

Wazazi wote wenye watoto waliovishwa magwanda na kupelekwa ng'ambo kulinda amani ya watu wengine, mnatangaziwa kwamba Kamati Kuu ya Kusubiri Simu, yenye makao makuu sebuleni kwangu, kati ya kabati la vyombo na dirisha, imevunjwa. Aliyeivunja ni mimi. Aliyeiunda ni mimi. Mwenyekiti wake wa Kudumu nadhani mmeshamjua.

Naandika ili iwe onyo. Nimeishia darasa la saba, mtanisamehe mahali maneno yatakaponizidi. Yalinizidi hata nilipokuwa madarakani, na habari yenyewe ndiyo hiyo.

Binti yangu wa kwanza ni dereva wa gari la maji jeshini. Tunamwita Kijiko, maana utotoni alikuwa hali mpaka apewe kijiko chake mwenyewe. Alipelekwa ng'ambo mwaka jana, na kila Jumapili alikuwa anapiga simu. Jumapili moja hakupiga. Ya pili hakupiga, na namba yake haipatikani. Ya tatu nikashindwa kula. Ya nne nikaunda kamati.

Msicheke. Mtu mwenye hofu akikosa la kufanya huunda kamati. Wakubwa wanafanya hivyo kila siku na hakuna anayewacheka.

Tulikuwa watatu. Mimi, Mwenyekiti. Wifi yangu tunayekaa naye, Katibu, maana amefika kidato cha nne na mwandiko wake umelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Mume wangu, fundi viatu, Mjumbe wa Kawaida. Alipouliza kazi ya Mjumbe wa Kawaida ni nini, alijibiwa kwamba ni kutouliza.

Simu iliwekwa juu ya stuli dirishani, mahali pekee penye mtandao nyumbani kwetu, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Waraka Namba Moja: simu isitumike kumpigia mtu yeyote, laini ibaki wazi. Waraka Namba Mbili: simu iwe na mlinzi mchana kutwa. Mimi nafua shuka hospitalini, na kwenye mvuke ule simu haziruhusiwi, kwa hiyo zamu ikawa ya Katibu. Mume wangu alipigwa marufuku kusimama dirishani kwa sababu ya unene.

"Kwani Mama Kijiko, mtandao haupiti kwenye tumbo?"

"Utafiti bado unaendelea," nikamjibu.

Muhuri pia tulikuwa nao. Kazini walitupa ule wa zamani wa kugonga kwenye mafurushi ya shuka safi, nikauokota. Ulikuwa na duara, nyota mbili na neno moja: IMEFULIWA. Nikaona duara ni duara. Kila jioni Katibu ananiletea daftari la zamu, natia sahihi, nagonga. IMEFULIWA. Hata barua tatu nilizoiandikia ofisi ya jeshi inayoshughulikia familia za askari, kuuliza mwanangu yuko wapi, niliziwekea muhuri huo juu na chini, zionekane zimetoka mahali pazito. Hazikujibiwa.

Siku ya pili ya kamati, nikiwa nimetoka kazini, simu iliita. Namba ngeni. Sauti ya kukwaruza ikasema, "Mama, ni mimi. Simu yangu imeharibika."

Nikamtambua papo hapo: Kijiko, mwenye mafua. Nikalia, nikamwombea dua, nikamweleza mgongo wa baba yake ulivyomsumbua. Alipoomba nimtumie vocha, Mjumbe wa Kawaida akapaza sauti kutoka kule alikoamriwa kusimama: "Muulize kijiko chake kilikuwaje!" Nikauliza. Simu ikakatwa. Alikuwa tapeli, tena dume zima.

Aibu hiyo ikazaa Waraka Namba Tatu: yeyote wa namba ngeni atakayedai kuwa mtoto wa Mwenyekiti asisikilizwe. Aambiwe alete ombi kwa maandishi, kisha akatiwe simu upesi, laini ibaki wazi.

"Na kama ni yeye kweli, wifi?" Katibu akauliza.

"Yeye namba yake tunayo. Amri ni amri."

Sasa niseme lile lililo baya zaidi. Daftari lile nilikuwa silisomi. Wifi anaandika maneno marefu, "kwa mujibu wa", "aliyejitambulisha kama", na mimi nikisoma midomo inacheza na kidole kinafuata mstari. Mwenyekiti hawezi kufuata mstari kwa kidole mbele ya Katibu wake. Kwa hiyo nilikuwa nakunja uso, natikisa kichwa kama mtu aliyekwisha jua yote, nagonga.

"Kuna jipya?"

"Yote yamo humo, wifi."

"Vizuri."

Zikapita wiki saba. Kazini nilikuwa nakunja zile shuka nyeupe haraka haraka bila kuzitazama. Sikupenda nilichokuwa nakifikiria nikizitazama.

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, gari la jeshi likasimama mlangoni. Mzazi wa askari hahitaji kuelezwa gari hilo linapokuja huwa limebeba nini. Akashuka ofisa kijana, faili kwapani. Mume wangu alishindwa kumtazama usoni, akamtazama miguuni.

"Soli ya kushoto inaachia," akasema.

"Shikamoo, mama," ofisa akaniamkia.

"Sema," nikamwambia. Marahaba iligoma kutoka.

"Mama, tumepokea malalamiko. Askari wetu mmoja, dereva wa gari la maji, ameripoti kupoteza mawasiliano na familia yake. Kambi yao ilihamishwa, simu yake ikatumbukia kwenye tangi. Sasa wanatumia simu ya kambi, kila mtu dakika tano kwa wiki. Anasema akipiga nyumbani kwao anafukuzwa. Hali, halali. Nimetumwa kuuliza mzazi ana kinyongo gani."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Si ndiye aliyelalamika?"

Nikakaa sakafuni. Stuli ilikuwa na simu.

Wifi, bila hata kuambiwa, akafungua daftari na kusoma: "Jumanne, saa tano na dakika kumi. Mpigaji aliyejitambulisha kama Kijiko ameomba kuongea na mama yake. Ameelekezwa alete ombi kwa maandishi. Ameombwa aiache laini, kwa kuwa familia inasubiri simu ya mtoto wao." Chini yake, IMEFULIWA. Akafunua. "Jumanne iliyofuata. Mpigaji yule yule. Amelia. Ameelekezwa kama awali." IMEFULIWA.

"Wifi! Hukuitambua sauti yake?"

"Niliitambua."

"Sasa?"

"Hata ya tapeli wewe uliitambua."

Akaligeuza daftari linielekee.

"Tena niliandika, wifi. Hapa pembeni, kwa wino mwekundu: Katibu anaamini ni yeye, anaomba mwongozo. Ukagonga."

Ofisa akajikohoza kwa fahari. "Ndiyo maana ofisini kwetu kila karatasi inashughulikiwa ipasavyo."

"Na barua zangu tatu?"

Akapekua faili. Akapekua tena, polepole zaidi. "Zilipokelewa. Kutokana na muhuri wake, zilipelekwa Kitengo cha Kufulia."

"Wakasemaje?"

"Wamejibu kwamba hakuna shuka lililopotea."

"Walizisoma?"

"Zina sahihi nne, mama."

"Baba, nimekuuliza, zilisomwa?"

Ofisa akatazama kiatu chake cha kushoto.

"Nilisema," mume wangu akadakia, "inaachia."

Hapo simu ikaita. Namba ngeni. "Ndiye," ofisa akasema. "Amepewa ruhusa apige saa hii." Wifi akainua kalamu. "Mwenyekiti, Waraka Namba Tatu?" Nikamruka kama kizingiti.

"Haloo! Mwanangu!"

Ikajibu sauti kavu ya kijeshi: "Nani mwenzangu?"

"Mimi mama yako!"

"Thibitisha. Kijiko changu kilikuwaje?"

"Mpini ulipinda kushoto. Ulikikanyaga mwenyewe ukalia kutwa nzima. Nikakuletea kipya, ukakitumbukiza chooni."

Nikasikia anavuta pumzi. "Mama. Hili ombi langu niliandike?"

"Lete kwa mdomo, mama yangu. Lete tu kwa mdomo."

Zilikuwa zimebaki dakika tatu. Mbili tulilia. Ya tatu nilimuuliza kama amekula.

Nilipoiweka simu, nikaivunja kamati. Ofisa akanipa fomu ya kufunga malalamiko. "Weka sahihi hapa, mama, na hapa."

Nikakaa, nikaweka kidole kwenye neno la kwanza na midomo ikacheza, mbele ya Katibu, mbele ya jeshi. Ofisa akatazama saa. Mstari wa tatu ulikuwa umeshapigwa chapa: "Ofisi ilijibu barua zote za mzazi kwa wakati." Nikaukata. Chini palikuwa na nafasi ya maoni ya mzazi, nikaandika kwa herufi kubwa: BARUA ZANGU HAZIKUSOMWA NA MTU. HUYU PIA HASOMI. Nikagonga IMEFULIWA kwa mara ya mwisho, nikampa ofisa fomu na kalamu, naye aweke yake.

Akakunja uso, akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha jua yote, akatia sahihi.