Arusi ya Fungu la Mchanga

Salimu na Abdalla, ndugu zangu mlioko Mombasa,

Leo mimi Kassim sina uso. Nawaambieni mapema msije mkasikia kwa wengine, maana habari za Msambweni hufika Likoni kabla ya basi. Kaeni chini, na atakayesoma barua hii kwa sauti afunge mlango kwanza.

Mnajua kuwa nataka kuoa. Mnajua pia kuwa mchumba wangu ni Mejumaa wa Mwabungo. Msichokijua ni arusi yenyewe itakavyokuwa. Mejumaa alimtuma dada yangu Saumu aniletee ombi moja tu (sisi wawili hatujapata kuzungumza, maneno yote hupita kwa Saumu, naye huyapunguza na kuyaongeza apendavyo). Anataka tuozwe juu ya fungu. Naam, fungu la mchanga, lile linaloibuka mbele ya Mwabungo siku za bamvua, maji yakipwa sana, likakaa saa mbili hivi kisha likazama. Hapo ndipo marehemu baba yake alipomfundisha kutafuta pweza alipokuwa mdogo.

"Baba hawezi kuja arusini," alimwambia Saumu. "Basi arusi na imwendee yeye."

Tangu siku ile mimi si fundi tena. Nakaa kwenye cherehani, miguu inakanyaga, macho yako kwingine. Naona watu wanakwenda fungu kwa miguu, maji yanawafika vifundoni, wamekunja kanzu zao. Naona mwalimu wa chuoni atakayetuozesha, amekumbatia viatu vyake. Moshi wa udi unakwenda zake baharini bila haraka. Naona hema la marekani nyeupe nililolishona mwenyewe, Mejumaa amekaa ndani, upepo unaliinua kidogo na kulishusha, unaliinua na kulishusha. Nikizinduka, jua limeshapinda. (Wiki iliyopita nimemshonea karani mmoja wa Kwale suruali yenye miguu miwili ya kulia. Ameichukua bila kuijaribu. Naomba aendelee hivyo hivyo.)

Ami yake Mejumaa, ambaye ndiye walii wa kumwoza, ameshakubali. Yule mzee hapendi kelele za arusi, na ukimwambia kuna arusi ambayo bahari itawafukuza wageni wenyewe, anaona ni baraka. Aliyebaki ni mama. Mama yake Mejumaa anataka ngoma siku saba, bibi arusi afungiwe ndani, asionekane hata na kuku. Kila mtu aliniambia, huyo mama akisikia habari ya fungu atarudisha posa kesho yake asubuhi. Mimi mwenyewe nisingeweza kumshawishi, maana mama mkwe sijapata hata kumwona sura. Si mnajua adabu za huku. Tangu posa ipokelewe, tukikutana njiani, wenziwe wakimnong'oneza kuwa ni mimi, yeye hujitanda leso na kunigeuzia mgongo, nami hutazama minazi mpaka apite. Miezi minane sasa, nimejua mgongo wake tu.

Basi Saumu akasema, "Kaka, jambo hili linataka Bi Riziki."

Bi Riziki wa Msambweni ndiye msimamizi wa shughuli kushinda wote kuanzia Tiwi mpaka Vanga. Hulisha watu mia nne na asiwepo hata mmoja wa kulalamika nyama. Huwapatanisha mashangazi. Nikajiambia, mtu wa kupanga mikeka, udi, halua na mwalimu juu ya mchanga ambao baada ya saa mbili haupo tena, ni huyo huyo. Na kama kuna mtu wa kumpoza mama mkwe, ni yeye pia.

Leo asubuhi nimevaa kanzu mpya, nimepanda baiskeli, nimekamata njia ya Msambweni. Njia nzima naota. Nilioa mara tatu kabla ya kufika Kinondo. Mara ya nne nilikuwa nimemshika Mejumaa mkono, tunarudi pwani maji yakianza kujaa, yanatufika magotini, na yeye anacheka. Nilipozinduka nilikuwa nimeipita Msambweni yenyewe. Ikabidi nigeuze, nirudi nikiulizauliza kama mgeni wa bara, mpaka mtu akanionyesha nyumba ya Bi Riziki.

"Hodi!"

"Karibu."

Ukumbini alikaa mama mmoja mtu mzima, ungo wa mchele mapajani, anachambua mawe. Nikaona vidole vinavyokwenda upesi, nikaona amekaa kwa raha, nikajiambia: ndiye. Sikumuuliza jina. (Hapo ndipo pa kunipiga kofi, wenzangu. Neno moja tu lingeniokoa, na sikulisema.)

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu kitako."

"Nimekuja kwa mambo ya arusi."

"Mambo ya arusi ni mambo ya heri," akasema, akatupa jiwe uani.

Basi nikaanza. Jamani, nilikuwa nimeyabeba yale maneno mwezi mzima, na Saumu ni msikilizaji mbaya. Nikamweleza fungu. Nikamweleza maji yanavyopwa saa nne asubuhi, Alhamisi ya bamvua, wiki tatu kutoka sasa. Nikasimama nikamwonyesha kwa mikono hema litakavyokaa. Nikamwonyesha watu watakavyokuja, na mimi mwenyewe nikakunja kanzu nikatembea mle ukumbini kama mtu aliye majini. Yule mama ananitazama, anasema "Enhe." Nikaona nimepata mtu anayeelewa.

"Na bibi arusi ni wa wapi?" akaniuliza.

"Wa Mwabungo. Mejumaa, binti ya yule marehemu mvuvi wa pweza."

Vidole vikasimama juu ya mchele.

"Na fungu," akasema polepole, "ni shauri la nani?"

"La Mejumaa mwenyewe. Anasema baba yake hawezi kuja arusini, basi arusi imwendee yeye."

Akavuta leso, akajifunika mpaka puani. Nikadhani ni vumbi la mchele. Kisha akauweka ungo kando, akajizungusha kidogo kidogo pale mkekani mpaka akanipa mgongo kabisa. Nikadhani ndivyo wanavyofikiri wasimamizi wakubwa.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasogea karibu.

"Sasa mama, shida ni moja," nikauambia ule mgongo. "Mkwe wangu. Yule mama, nasikia, ni mtihani. Akiita kuku wake Mwabungo, wa Galu wanaitika. Akijua habari ya fungu, basi, sina mke. Lakini nimepata njia."

"Njia gani?" Sauti ilitoka kwa mbali.

"Tumwambie arusi ni Ijumaa."

"Enhe."

"Sisi tunaoa Alhamisi." (Nilicheka hapa. Nilicheka peke yangu.) "Ijumaa akija na ngoma zake anakuta mambo yamekwisha. Utampa sinia la pilau, utamkalisha mahali pazuri, utamwambia maneno matamu. Nawe ni mtu mzima, unajua kuwapoza wanawake wa namna ile."

Nje jogoo aliwika. Na hapo, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza leo macho yangu yaliacha kuota yakatazama kilichokuwa mbele yao. Mabega mapana. Bega la kushoto limeshuka kidogo. Leso imepita chini ya kwapa la kulia na kufungwa shingoni. Mgongo ule nilikuwa naujua. Nimeupisha njiani miezi minane.

Wakati huo huo mlango wa uani ukafunguka, akaingia mwanamke mwembamba na jagi la maji ya ndimu.

"Mama Mejumaa, niwie radhi, umekuja tupange ngoma zako nami nimekuweka sana," akasema. "Mwenye ndimu alikuwa hana chenji. Ha, kumbe una mgeni?"

Nilitaka kusimama. Kanzu ilikuwa bado imekunjwa, mguu ukaingia pasipo pake, nikauparamia ungo. Mchele wote ukatapakaa ukumbini, hadi chini ya kitanda, hadi kizingitini. Nikaanguka kifudifudi katikati yake. Na kwa kuwa niko chini tayari, na sina pa kuuweka uso wangu, nikaanza kuokota. Punje moja moja.

Bi Riziki (maana ndiye huyo wa ndimu, ndiye niliyetakiwa kusema naye tangu mwanzo) akatazama mgongo wa mmoja na kisogo cha mwingine, akaelewa. Amesimamia arusi miaka mingi. Akaweka jagi chini, akakaa katikati yetu.

"Riziki," akasema mama mkwe, uso ukutani. "Kuna mtu humu ndani. Mimi siwezi kusema naye, adabu hairuhusu. Muulize, alikuwa anakwenda wapi na maneno yale?"

Mimi niko hatua mbili, nasikia kila kitu. Bi Riziki akanigeukia. "Unaulizwa ulikuwa unakwenda wapi na maneno yale?"

"Mwambie naomba radhi," nikaiambia sakafu.

"Anaomba radhi."

"Nimesikia. Muulize habari ya Ijumaa."

"Unaulizwa habari ya Ijumaa."

"Mwambie Ijumaa haipo. Mwambie ulikuwa upumbavu."

"Anasema ulikuwa upumbavu."

"Hapo amesema kweli," akasema mama mkwe. Nami nikaendelea kuokota mchele. Nilikuwa nimeshaona yote yamekwenda. Nilimwona Saumu akirudi Mwabungo kuchukua vyombo vya posa. Nilimwona Mejumaa akiambiwa kuwa ombi lake moja tu, nililolibeba mwezi mzima, nimelimwaga mahali pabaya kuliko pote, kwa kupenda kwangu kusema. Nawaambieni kweli, machozi yalinilenga. Bwana arusi mzima, kifudifudi, analia juu ya mchele wa watu.

Kisha mama mkwe akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo:

"Riziki, muulize. Yale ya baba yake, mwanangu aliyasema hasa, au ni huyu fundi na maneno yake ya kujipambia?"

"Mwambie aliyasema hasa," nikajibu kabla sijaulizwa. "Mwambie Saumu yupo, amuulize."

"Kwangu mimi hakuyasema," akasema. "Miaka minne tangu tumzike, hajanitajia fungu hata siku moja. Nilidhani amesahau."

Bi Riziki hakunigeukia. Hata yeye alijua hayo si ya kupitishwa.

"Mimi nilichezewa ngoma siku saba," mama mkwe akaendelea, kama anayesema na ukuta. "Siku zote saba niko ndani, nimefunikwa gubigubi, nasikia wenzangu wanakula. Sikuona kitu. Siku ya nane marehemu akanishika mkono akanipeleka kule kule fungu, tukachoma pweza, mimi na yeye tu. Arusi niliyoiona kwa macho yangu ni ile."

Akajifuta uso kwa ncha ya leso. Kisha akakaza mgongo, na sauti yake ikarudi mahali pake.

"Mwambie iwe huko huko. Na mwambie nitafika Alhamisi, tena kabla ya mwalimu. Ngoma mtanipa moja, ya siku moja, nchi kavu. Na hilo hema aligawe kati kwa pazia zito, mimi nikae nyuma yake. Leo nimemwona vya kutosha."

"Unaambiwa iwe huko huko," akasema Bi Riziki, na ninaapa alikuwa anazuia kicheko. "Utie pazia."

Nilibusu sakafu, nikapata punje mbili za mchele mdomoni, nikatoka kinyumenyume mpaka nje. Baiskeli niliipanda mara mbili ndipo ikanikubali. Bi Riziki akanifuata hadi njiani, kanga mdomoni.

"Kassim, kazi hii nimeichukua," akasema. "Tangu nianze sijaona arusi kama hii, na bado hata haijafika. Lakini nimepewa na neno jingine nikufikishie."

"Neno gani, Bi Riziki?"

"Anasema yale uliyoyasema juu yake ameyasikia yote, na anayo majibu yake. Ila kwao mama mkwe hafungui kinywa mbele ya mume wa mwanawe mpaka mjukuu wa kwanza azaliwe. Siku hiyo atakujibu mwenyewe, neno kwa neno. Anasema ana subira."

Basi ndugu zangu, Alhamisi ya bamvua njooni, vaeni nguo msizozionea uchungu kulowa. Wageni wote watatuombea tujaaliwe mtoto upesi, ndiyo desturi. Nyinyi wawili, tafadhali, msiitikie amina.