Kerezo Nililomchagulia Baba

Jumatatu, 3 Juni

Mimi ndiye kijana mwenye jicho kali kuliko wote katika mji huu. Naandika mapema ili lisije likasahaulika. Naweza kukitazama chuma nikiwa ng'ambo ya barabara nikakwambia kama kimenyooka au kinajidai. Shule niliiachia kidato cha pili. Walimu walikuwa wananichelewesha.

Leo kikao cha familia sebuleni. Ajenda: Baba. Kiwanda cha mabomba kimefungwa tangu mwaka jana, na Baba alikereza vyuma humo tangu kabla sijazaliwa. Sasa anashinda barazani akizungusha kizibo cha soda kati ya vidole. Anapapasa ukingo wake kama anayetafuta kosa. Ukimletea chai, anapapasa kikombe kwanza.

Habari mbaya: amepata kazi ya kulinda geti. Mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Anaondoka Jumatatu ijayo. Mama amesema sawa, kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

Nikasimama. Nikatangaza: tununue kerezo! Dogo, la bei nafuu, tuliweke chumba cha uani badala ya ndoo na baiskeli mbovu. (Kerezo, kwa atakayeiokota shajara hii bila elimu, ni mashine inayozungusha chuma huku kisu kinakimenya kama kiazi. Ukiwa nalo unatengeneza shafti, bushi na heshima.) Baba apate kazi nyumbani, geti wakalinde wengine.

Mama akauliza kazi yenyewe itatoka wapi. Nikasema kwa Mama Unga, mwenye mashine ya kusaga mtaa wa pili. Shafti yake, ule mhimili wa chuma unaozungusha mashine, inalia mpaka kuku wamehama.

Baba akakizungusha kizibo. Kisha akasema haya, nizunguke mimi kutafuta. Goti lake kusimama linasimama, kuzunguka mji ndiyo linagoma. Ila asilipwe mtu kabla yeye mwenyewe hajaligusa. Jumamosi asubuhi twende wote. Nikasema bila shaka, mzee.

Shemeji, mume wa dada, karani wa ghala, mtu anayepiga pasi mpaka soksi, akasema kazi kama hii hupewa kichwa, haupewi mdomo. Nimeyaweka moyoni.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi kwa Mama Unga. Alikuwa mweupe kuanzia kope hadi vidole vya miguu. Nikamweleza kwamba sisi sasa ni kampuni. Akacheka mpaka unga ukamdondoka. Lakini akakubali: chuma ninaondoka nacho leo, na shafti ikiwa tayari Jumapili jioni, kazi zake zote na za dada zake wawili wenye mashine kama yake zitakuja kwa Baba. Isipokuwa tayari, anaipeleka karakana kubwa na asisikie tena habari za kampuni. Akaongeza, mwanangu, shafti, usije ukaniletea mpini wa fagio.

Mchana na Shemeji, duka la zana. Alikuwa amekata picha gazetini. Kerezo jipya, la buluu, dogo kama cherehani. Muuza duka alikuwa mkweli kupita kiasi, sijui anaishije. Alisema shafti ya mashine ya kusaga itaingia, ila kwa kubana, na kazi itakwenda polepole, unamenya kidogokidogo. Mwenye haraka asilinunue. Lina dhamana ya mwaka mzima.

Shemeji akalipangusa kwa leso. Akasema kitu kipya kinakuja na dhamana, cha mtumba kinakuja na hadithi. Nikaligonga kwa kifundo cha kidole. Likalia kama sufuria. Nikasema hili ni la kuchezea watoto. Muuza duka akaniuliza kama nimewahi kukereza. Nikamwambia kukereza kumo katika damu.

Kama Shemeji angelikataa, huenda ningelitazama mara mbili. Lakini hilo halihusiani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimelipata!

Liko uani kwa mzee mmoja anayeuza mashine kuukuu. Nimempa jina Tabasamu, maana midomo yake haifungi. Kerezo la kijani, zito, lenye miguu ya chuma. Kitanda chake, yaani zile reli mbili ambazo kigari cha kisu kinatembea juu yake, kinang'aa kwa mafuta. Bei chini ya lile la buluu. Shemeji akafie mbali.

Nilikagua kama daktari. Kwanza rangi: safi. Pili niliupiga teke mguu wake: mguu wangu ndio ulioumia, kwa hiyo ni imara. Tatu, kigari. Kilikuwa kimeegeshwa mwisho kabisa wa kitanda, mbali na mataya yanayouma chuma. Nikakitikisa. Hakuna kulegea hata unywele! Tabasamu akasema macho kama yangu hayaonekani siku hizi. Akawasha mashine akasimamisha sarafu juu yake. Sarafu haikuanguka. Nilitaka kupiga makofi, nikajizuia kibiashara.

Akauliza ni la nani. Nikasema langu. Baba atakuwa ananisaidia.

Akasema niwahi, maana Jumamosi asubuhi anakuja mwalimu wa ufundi na lori.

Jioni nikamsimulia Baba. Alisikiliza macho yakiwa chini, kizibo kinazunguka. Akauliza jambo moja tu: nilikisukuma kigari mpaka karibu na mataya, pale kazi inapofanyika? Nikasema nilikisukuma kote. Akasema vizuri, Jumamosi tutakisukuma tena.

Kisha akaingia chumbani. Akatoka na kipimo chake cha kiwandani, kimefungwa katika kitambaa cha flaneli. Akakitia mafuta. Sijamwona akikigusa tangu kiwanda kifungwe. Akamwambia Mama amtafutie viatu vyeusi.

Ijumaa, 7 Juni

Mipango mikubwa hufanywa na mtu mmoja. Kesho lori la mwalimu linaweza kufika kabla ya goti la Baba. Hiyo ndiyo sababu. Naiandika wazi: hiyo ndiyo sababu.

Baba yuko kliniki na dada. Nikamwambia Mama kuwa Baba amesema nilipe leo. Mama akaniangalia. Akauliza, amesema? Nikasema amesema, Mama, kwani mimi mtoto? Akashusha kopo la akiba kutoka juu ya kabati.

Mkokoteni. Wasukumaji wawili. Barabara ikawa na mlima ambao sijawahi kuuona maisha yangu yote. Nyumbani tukakuta mlango wa chumba cha uani ni mwembamba. Nilikuwa nimepima kerezo. Mlango sikuupima, maana mlango haununuliwi. Ikabidi tung'oe fremu ya dirisha. Shemeji akapita kutoka kazini, shati jeupe, akasimama kutazama. Akauliza, Injinia, na paa vipi, tulitoe pia? Lakini alivua saa akasukuma, na mafuta yakamchafua hadi kwenye kola. Siku haikuwa mbaya.

Akaniuliza Baba alisemaje alipoliona. Nikajifanya sijasikia.

Nimefunga chumba. Nimewaapisha wote wasimwambie Baba kwamba limeshafika. Kesho alfajiri nakereza shafti mwenyewe. Baba ataamka aikute tayari, inang'aa, kama aliyeshikwa mkono na bahati. Atasema, mwanangu, ulijifunza wapi? Nitasema, kwako mzee, kwa kutazama. Nimeshaijaribu sentensi hiyo mbele ya kioo. Inanikaa.

Jumamosi, 8 Juni

Nilianza kabla jua halijatoka. Nyuzi za chuma zikaruka, nikajiona mfalme.

Katikati ya kazi nikahisi mtu mlangoni. Baba. Viatu vyeusi, vimepigwa kiwi. Kofia kichwani. Kipimo kwapani ndani ya flaneli. Alikuwa tayari kwa safari yetu, akasikia mngurumo uani.

Alilitazama kerezo. Akasema, "Kumbe tayari."

Nikapaza sauti juu ya mashine kuwa akapumzike, kazi iko kwa mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa. Nilimwona kupitia dirisha lisilo na fremu: alikwenda barazani, akakaa, akavua kiatu kimoja. Akakishika kidogo. Kisha akavua cha pili.

Nikaendelea.

Shafti ilipotoka ilikuwa inapendeza, wallahi. Nikachukua bering, ile pete ya chuma ambayo shafti huzungukia ndani yake, nikaivalisha. Upande mmoja iliingia ikacheza kama bangili ya shangazi. Upande wa pili ikagoma kabisa. Nikaigeuza. Ikagoma vilevile. Nikailaumu bering.

Hatimaye nikamwita Baba. Alikuja peku. Akapima huku, akapima kule, akakifunga kipimo katika flaneli. Nilikereza karoti.

Hakunigombeza. Aliweka kiganja mwisho wa kitanda akakisogeza polepole kuelekea kwenye mataya. Karibu na mataya mkono ukasimama. Akasema hapa pameliwa. Akaniambia nikisukume kigari. Kule mwisho kilikaza vilevile. Nilipokifikisha karibu na mataya kikatikisika kama jino la mtoto. Akaeleza taratibu, kama anayemweleza mgeni njia, kuwa kila fundi hufanyia kazi hapa, kwa hiyo reli huliwa hapa. Kule mwisho hakuna anayefika, ndiyo maana kuko kama kupya. Na ndiyo maana muuzaji huegesha kigari kule.

Mama alikuwa nyuma yake. Akamwuliza, sasa wewe ulipokubali lilipwe jana hukujua?

Baba akageuka akanitazama. Nikatazama bering.

Akamwambia Mama ilikuwa haraka tu. Akaingia ndani.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi kwa Tabasamu kudai haki yangu. Akasema kitu cha mtumba huuzwa kilivyo, na kwamba nilikikagua mwenyewe, tena vizuri sana. Alitabasamu mwanzo hadi mwisho. Nikamwuliza kuhusu mwalimu wa ufundi. Akauliza, mwalimu gani?

Nikarudi. Baba alikuwa ameifunga shafti kwenye jiriwa, anaila kwa tupa ule upande mnene. Anapiga tupa, anapima, anapiga tena, shati limelowa mgongoni. Upande mnene ulikuja sawa. Lakini ule mwembamba nilishaumenya kupita kiasi, na chuma kilichotoka hakirudi. Alijua tangu jana. Alipiga tupa tu, nadhani, ili mikono ifanye kitu.

Jioni Mama Unga akaja mwenyewe. Safari hii hakuwa na unga hata chembe, amevaa kitenge kipya. Akaivalisha bering, ikacheza. Akaniambia, mwanangu, si nilikukataza mpini wa fagio? Nilisubiri acheke. Hakucheka. Akamwomba Baba radhi, akasema kusaga hakuwezi kusubiri, shafti anaipeleka karakana kubwa kesho. Baba akasema anayo haki, akamsindikiza hadi langoni, goti na yote.

Akarudi uani, akakaa juu ya ndoo kando ya kerezo. Akasema si bovu la kutupwa. Kitanda kinaweza kukwanguliwa kikanyooka, kwa mkono, kidogokidogo, unapaka rangi, unalaza juu yake chuma kilichonyooka, unaangalia ilipogusa, unakwangua, unarudia. Kazi ya miezi. Akasisitiza: kwa mkono, si kwa grenda, grenda italiua. Angeifanya mwenyewe kama angekuwepo.

Kisha akaenda kupanga begi.

Jumatatu, 10 Juni

Baba ameondoka kwa basi la asubuhi. Viatu vyeusi vilevile. Shemeji alimbebea begi na hakunitania hata neno moja, jambo ambalo silisamehe. Baba alinipa kipimo chake nikitunze. Kizibo alibaki nacho. Basi lilipogeuka nilimwona dirishani akikizungusha.

Nyumbani pako kimya. Chai ya Mama imepoa mezani, kikombe hakijapapaswa na mtu.

Lakini mimi si mtu wa kukaa chini! Tayari nina mpango. Baba atapata likizo Desemba. Akifika atakuta kitanda kimenyooka kama reli ya treni, na shafti tatu zinang'aa. Fundi wa mageti amekubali kuniazima grenda. Miezi ya nini, wakati kuna umeme? Mama amesema nimpigie Baba kwanza nimwulize, namba ya simu ya getini kwake iko ukutani. Nimemwambia hapana, itaharibu jambo. Ataona mwenyewe likiwa tayari.

Grenda inakuja kesho. Mkono wangu ni mwepesi, itakuwa sawa.

Moja tu niliandike kisha nifunge. Shemeji anasema lililoharibu mambo ni kitanda. Mama anasema ni Tabasamu. Mimi nimekuwa nikisema ni lori la mwalimu. Lori sikuliamini hata siku ile. Nililipa Ijumaa kwa sababu Baba angefika Jumamosi, akaweka kiganja chake pale, akasema ndilo au silo, kerezo lingekuwa limechaguliwa na yeye. Na Jumamosi ile alikuwa ameshavaa viatu.