Wenzangu Wawili Wamevaa Jina Langu Mkononi

Akeri, Meru
Julai 1946

Bwana Mhariri,

Nipe nafasi kidogo gazetini mwako, maana nimechoka kuwa muungwana peke yangu.

Nilipokuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, kule Burma, fundi mmoja wa jirani na kambi alinichora mkononi kwa sindano na wino. Nilimwomba aandike jina langu kwa herufi za kwao, na kazi ilitoka safi sana. Sasa nataka kumwoa Penina, lakini wazee wa kanisa wanakataa kutangaza ndoa, wakihofu kwamba maandishi hayo ni kiapo cha miungu ya ugenini. Niliwaambia ni jina langu la ubatizo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Niliwaita Sadoki na Ephraimu, wenzangu wa vitani, waje kunishuhudia. Walipokunja mikono ya mashati, kumbe wana maandishi yale yale, nukta kwa nukta! Wamevaa jina langu bila ruhusa.

2. Hawana haya. Sadoki anadai ni jina lake, Ephraimu anadai ni lake, na mwizi eti ni mimi. Mimi hata migomba yao siigusi.

3. Wazee sasa wanasema watu watatu wenye alama moja ni chama cha siri. Penina naye ananitazama mkono kuliko uso, na hilo linaniuma kweli.

Kwa kuwa wino hautoki, naiomba Serikali iwaamuru hao wawili wabatizwe upya, wote waitwe Elirehema. Wake zao watazoea. Ikishindikana, Keya yote irudishwe Burma kumkamata fundi.

Nisalimie wasomaji wako wote wenye majina yao wenyewe.

Wako mtiifu,
Elirehema

N.B. Kabla sijaifikisha barua posta, Mhindi mmoja aliyeishi Burma alitusomea mikono yetu dukani mjini Arusha, wazee wakisikia. Imeandikwa: MAJI HAYA HAYAFAI KUNYWA. Ndipo tukakumbuka kibao cha kwenye bomba la kambi. Fundi hakujua kusoma, alinakili tu. Wazee wameridhika kwamba si kiapo, na ndoa itatangazwa Jumapili. Tafadhali Sadoki na Ephraimu wabaki na majina yao. Nilimwambia Penina bado ana nafasi ya kunikataa. Akajibu mbele ya wazee wote kwamba onyo amelisikia, na atakunywa.