Mvuke wa Supu ya Tambi

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimepata kazi! Yaani karibu. Bi Wahida, mwenye mgahawa mpya hapa Dunda, anataka picha za supu zake za tambi kwa ajili ya menyu. Nimempa shikamoo mbili kwa mpigo. Kasema Kibwana naye ameomba. Kibwana! Mpiga picha wa simu yenye kioo kilichopasuka! Mke wangu Mwaija kaapa: nikiikosa na hii, naenda Miono kulima mananasi kwa mjomba wake. Mimi na jembe wapi na wapi? Sikai, sisimami.

Jumanne, 15 Julai
Balaa. Nikasogeza meza dirishani, nikairudisha, nikaisogeza tena. Kugeuka, tambi zimekunywa supu yote! Bi Wahida akauliza kama hiyo ni supu au ukindu wa kusukia mkeka. Bakuli la pili, vilevile. La tatu nikalila kwa hasira. Kibwana kapita, kasalimia kwa adabu mno. Mshenzi.

Alhamisi, 17 Julai
Nimegundua kinachokosekana: mvuke! Baada ya alasiri nikatandika jamvi, picha ionekane ya kwetu. Nyuma ya bakuli nikaficha chetezo, nikatia ubani. Moshi ukapanda, mzuri! Ukafika hadi barazani. Mzee mmoja akavua viatu, akaingia. Wa pili akafuata. Kuinua macho, wazee kumi na mmoja wameketi jamvini wanamsomea hitima marehemu wasiyemjua. Nani angewakatiza? Nikaitikia amina. Wakamaliza, wakasubiri chakula. Bi Wahida akapakua sufuria nzima, macho kwangu. Mzee mmoja akanishika mkono, akanipa pole. Nilikuwa naihitaji.

Ijumaa, 18 Julai
Kazi kapewa Kibwana. Jana alisimama mlangoni, akawapiga picha wazee wakila. Bi Wahida anasema hajawahi kuona supu ikatamanisha vile. Ubani wangu! Makaa yangu! Wazee wangu! Mwaija hakugomba. Nimemkuta anakunja nguo zangu na kuzitia begini, na hilo limeniuma zaidi.

Jumapili, 20 Julai. Miono
Malengelenge viganja vyote. Mjomba ananiita "bwana picha" mbele ya watu. Lakini jirani yake anauza mbuzi, wamekonda, hawapati mnunuzi. Nimemwahidi picha. Mbuzi akilambishwa chumvi atakunywa ndoo nzima ya maji, na pichani tumbo litaonekana la laki tatu! Kesho najaribu kwanza kwa beberu wa mjomba. Mjomba hajui.